Tabasamu la Kwenye Bango la Palma

Haya, nyie mliokaa mkekani na nyie mliosimama mlangoni mkijifanya mnapita tu, sogeeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa amalize. Mwenye mhogo mdomoni autafune kwa upole, nisije nikashindwa kujisikia mwenyewe. Leo nawasimulia zile siku nilizokuwa mtu maarufu.

Mnacheka nini? Nilikuwa maarufu kweli. Nyie mnawasikia wale wa redioni, waimbaji na waigizaji, mnadhani wanakula raha tangu asubuhi mpaka jioni. Mie umaarufu nimeuonja, na nawaambieni unaharisha. Nilikonda mpaka kanga ikawa inanizunguka mara nne na ncha inabaki ya kufutia jasho. Kuku wangu mwenyewe wakawa hawanijui, nikitoka nje wanatimua mbio wakidhani mgeni kaja, leo watachinjwa.

Ulikuwa wakati ule gesi ilipoonekana. Wanasema ilionekana, lakini sisi tuliokaa juu yake hatukuiona. Kijiji chetu kiko upande wa baharini, ukitoka Olumbi kwenda Palma unaingia njia ya mchanga mkono wa kulia. Habari ya gesi tuliipata kwenye redio ya ng'ambo, ya Mtwara, maana redio ya kwetu inasema Kireno, na Kireno chetu sisi kinaishia kwenye bondia, salamu yao ya asubuhi. Mtangazaji akasema gesi nyingi sana imepatikana pwani ya kaskazini ya Msumbiji. Tukatazamana. Pwani ya kaskazini ya Msumbiji si sisi hawa? Kijiji kizima tukateremka ufukweni kuiangalia. Bahari ileile. Mzee mmoja akainama, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Naam, ipo," na tangu siku ile akapiga marufuku kuwasha kiberiti ufukweni. Wavuvi wakawa wanapanda mpaka barabarani kuvuta sigara, wakirudi wamechoka kuliko waliotoka kuvua.

Halafu magari yakaanza kupita. Zamani likipita gari tulikuwa tunalizungumza mpaka lipite jingine. Sasa yakawa yanafuatana kama siafu, ndani yake watu wenye kofia ngumu vichwani, na sisi hatuoni kitu chochote juu kinachotaka kuwaangukia. Mpaka mbuzi wa Palma wakajifunza kutazama kushoto na kulia kabla ya kuvuka.

Lakini niseme ukweli, kwangu mie wakati ule gesi ilikuwa habari ya pili. Habari ya kwanza ilikuwa ya mwimbaji mmoja wa kike wa Dar es Salaam ambaye bwana wake kamwacha kwa ajili ya mwigizaji. Mie nilikuwa nakaanga vitumbua mbele ya nyumba yangu kila asubuhi, redio iko juu ya kinu, na wanawake wanakuja kununua na kuhukumu. Mahakama yetu ilikuwa haina mapumziko. Hakimu mkuu mie, mwendesha mashtaka wifi yangu, dada wa mume wangu, anayekaa ua wa pili na ambaye kila siku alikuwa anakula kitumbua cha kwanza bure kwa jina la kuonja.

"Kosa ni la mwimbaji," wifi anasema. "Mwanamke gani anasafiri kila wiki? Leo Nairobi, kesho Ulaya. Mume atakula picha?"

"Kosa ni la bwana," nasema mie. "Kwanza ana macho madogo. Nimesikia."

Umeyasikiaje macho kwenye redio, hakuna aliyeniuliza. Tulikuwa tumeshamvunjia yule mwimbaji ndoa mara tano na kuifunga upya mara sita, na hatujapata kumwona hata kivuli. Wala halikunijia hata kidogo wazo kwamba yule ni mtu, ana tumbo, linamuuma.

Sasa kuna jambo niwaeleze nyie wageni wa hapa. Kuna mti unaitwa msiro. Unachukua kipande, unakisugua juu ya jiwe kwa maji kidogo, unatoka uji mweupe, unajipaka uso mzima. Ngozi inakuwa laini kama tumbo la pweza. Kwetu mwanamke ambaye mumewe kasafiri anapaka msiro tangu asubuhi, anapika nao, anashinda nao, siku mume akirudi ananawa, na uso unatoka mpya kama sahani ya Idi. Mwali akitolewa ndani naye anapakwa. Ubaya wake ni mmoja tu: tukishapaka, sote tunafanana kama mayai.

Mume wangu mie ni mtu wa safari. Anachukua samaki wakavu, anavuka mto pale Namoto, mpakani, anauza Mtwara, anarudi na nguo. Safari moja kabla ya hii ninayowasimulia alirudi na robota zima la kanga za aina moja, zambarau, zina korosho kubwa kubwa. Zikanunuliwa zote. Kijiji kizima kikawa korosho. Ukienda kisimani unadhani umeingia shambani.

Basi siku moja maji yamekupwa, tuko pwani wanawake wengi tunachokoa chaza, uso msiro, kiunoni korosho. Wakapita wageni. Mmoja mzungu, ana kamera yenye mdomo mrefu kama birika. Akawa anatupiga picha huku anatusogelea, hatazami anapokanyaga, mara akazama topeni mpaka magotini. Akavuta mguu, ukatoka bila kiatu. Akavuta wa pili, ukakataa kutoka kabisa. Jamani, tulicheka! Aliyekuwa na meno alionyesha meno, asiyekuwa nayo alionyesha alipoyaweka zamani. Mzungu naye hakukasirika, akawa anapiga picha hivyohivyo, yuko topeni kapandwa kama mkoko. Wakamvuta wenziwe, wakaenda zao. Tukasahau.

Siku zikapita. Asubuhi moja, mume wangu yuko safarini, akaja shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, mwenye pikipiki ya kuchukua abiria. Anakuja anapiga honi tangu kule barabarani.

"Shemeji! Umepandishwa!"

"Nimepandishwa wapi tena?"

"Juu ya bango! Pale Palma, njia ya sokoni, kampuni ya gesi wamesimamisha bango kama nyumba. Uso wako uko juu, una msiro, unacheka. Jicho lako moja tu, mtu mzima anajikunja analala ndani na shuka lake."

Mwiko ukanitoka mkononi. Wifi yangu alikuwa na kitumbua mdomoni, akakimeza kizima.

"Si yeye," akasema. "Ni mie. Siku ile mimi nilikuwa mbele."

"Wifi, wewe siku ile ulikuwa nyuma, unachagua chaza za wenzio."

"Kamera ina mdomo mrefu, inafika hata nyuma! Shemeji, huyo wa kwenye bango ana mashavu?"

"Anayo."

"Haya, ni mie. Huyu hapa mashavu kayatoa wapi?"

Siku ile wakajitokeza wanawake wa bango wasiopungua kumi na watano. Kila mmoja ana ushahidi wake. Mmoja alisema katambua nyusi, mwingine kaota. Wifi yangu akaanza kutembea taratibu kama mwanamke aliyebeba mtungi, akiamkiwa anaitika kwa kidole. Na mie nikajidanganya moyoni, kidogo tu, nikafikiri: labda na mimi sasa kule Dar wananizungumza.

Furaha yenyewe haikufika Ijumaa.

Wakaja watu wa serikali, waliotoka kusini, na mkalimani wao. Wakaita mkutano. Wakasema gesi ikitoka baharini itahitaji mahali pa kukaa, kwa hiyo kuna vijiji ambavyo labda vitahamishwa, vitajengewa kwingine. Vijiji gani? Labda hivi, labda vile. Lini? Labda karibuni. Wakapanda gari wakaondoka, wakatuachia ile labda. Jamani, neno lile dogo lilikaa kijijini kuliko mgonjwa. Mtu analima, anasimama katikati ya tuta, anajiuliza anamlimia nani. Fundi kaacha ukuta nusu. Mie mwenyewe nilikuwa napaka udongo nyumba yangu, ile nyumba niliyoisimamisha kwa mikono hii, nikaiacha ndoo palepale. Nyuma ya nyumba kuna mnazi ambao chini yake tulizika vitovu vya wanangu wote. Nikawa kila nikipita naugusa, kama mtu anayehakikisha mfuko wake sokoni.

Na katika wasiwasi uleule, shemeji yangu akarudi kutoka Palma, safari hii hapigi honi.

"Shemeji," akasema, "nimemwomba mwalimu wa shule anisomee maneno ya chini ya picha. Yanasema: tunafurahia mambo mapya yanayokuja."

"Anayefurahia nani?"

"Nani tena kama si yule anayecheka?"

Habari ile ikaingia msikitini kwa alasiri ikatoka na ndevu. Nyie mnajua desturi. Binti akija kuchumbiwa, anaulizwa, unamtaka fulani? Hasemi. Anatazama chini, anatabasamu, basi. Kimya chake na tabasamu lake ndiyo ridhaa, mzee wake anatoka nje anasema kakubali. Sasa wazee wakapiga hesabu zao. Wakasema: hawa kampuni si wajinga. Wamekuja, wamekuta mwanamke wa hapa, kapakwa msiro kama mwali, wamemuuliza habari ya kuhama, na yeye hakusema neno, katabasamu. Na wamelipandisha tabasamu lenyewe juu ya bango, liwe ushahidi, kila mtu alione. Kijiji kimeshaposwa na jibu limeshatolewa!

Kuona vile, wale wanawake wa bango kumi na watano wakapungua. Asubuhi wakawa saba, mchana wawili. Jioni nikabaki peke yangu.

"Mie siku ile nilikuwa nyuma," wifi yangu akawaambia watu, kaweka mkono kifuani. "Nyuma kabisa. Nachagua chaza."

"Wifi, si ulisema mashavu ni yako?"

"Mashavu! Mashavu anayo hata chewa."

Kuna kijana mmoja akasema, tena kwa sauti, nikiwa nateka maji: "Kama yeye kakubali kuhama, si atangulie? Ahame yeye, sisi tutasikia habari zake." Wenziwe wakacheka. Kesho yake neno lile halikuwa tena utani. Wazee wakaanza kulisema wakiwa wamekunja uso: ahame na watu wake, arudi kwao, pengine kampuni ikiona kaondoka itajua yale hayakuwa majibu ya kijiji. Shefe, mkubwa wetu wa kijiji, akasema tungoje mume wangu arudi, halafu likae baraza liamue.

Hapo ndipo nilipoujua umaarufu. Nakaanga vitumbua, hakuna mnunuzi. Nikawa navila mwenyewe mpaka nikavichukia, mie niliyekula vitumbua tangu sijaota meno. Nikifika kisimani, ndoo za wenzangu zinajaa upesi. Redio ikaniletea yule mwimbaji wa Dar, wanasema kaonekana mahali fulani analia, nikaizima. Nikamwambia kimoyomoyo, dada yangu, nisamehe, yale ya macho madogo niliyatunga.

Kilichonisumbua zaidi, na hili sikumwambia mtu, ni kwamba mwenyewe nilikuwa sijui kama ni mie. Nikamwambia shemeji, nipeleke Palma nikajione.

Ile njia mnaijua. Ina mashimo ambayo mbuzi akitumbukia anatokea Tanzania. Tulipita mengine kwa kuyazunguka mpaka nikaona mashamba ya watu nisiowajua. Kila pikipiki inaporuka naomba dua mbili, moja ya kufika salama na moja ya kutofika kabisa.

Tukafika. Lahaula. Lilikuwa bango kweli, si utani. Nikaweka mkono juu ya macho nikalitazama. Uso mweupe wa msiro, mkubwa, unacheka, na chini kwenye bega imeanza korosho moja ya kanga. Nikasema, jicho la kushoto ni langu. Nikatazama tena, jicho la kulia la wifi. Pua ingeweza kuwa ya mtu yeyote mwenye pua. Nikasema nitajijua kwa meno, maana mie hapa mbele pana pengo, nyie mnaliona. Nikatafuta pengo. Na wale waliolisimamisha bango wamepiga msumari mnene wa chuma, wenye kichwa kama kifungo cha koti, palepale kwenye jino! Pengo lipo, halipo, Mungu anajua na fundi.

Nilisimama pale mpaka shingo ikakauka. Mtu anajitazama, anajiuliza, bibi, wewe ni nani?

Pembeni yangu akasimama bwana mmoja wa ofisini, shati limepigwa pasi mpaka linakata, mtu wa kusini, Kiswahili chake kinachechemea. Akaniambia, "Mama, picha nzuri. Anafurahi sana."

"Anafurahia nini?"

"Mambo mapya. Kazi, barabara, umeme."

"Baba, na kama alikuwa anamcheka mzungu aliyezama topeni?"

Akacheka kwa adabu, kama mtu aliyesikia salamu asiyoielewa, akaenda zake. Nikarudi kijijini na habari kwamba habari hakuna.

Mume wangu akarudi siku ya pili yake. Kumbukeni anapita Namoto, na Namoto pale habari inaingia imekonda inatoka imenona. Alipoteremka tu kwenye mtumbwi wakampa pole. Walimwambia mkeo kaolewa na kampuni, anakaa ndani ya gari la vioo vyeusi, anakula kwa uma. Alikuja mbio, robota la nguo begani, hata salamu hakutoa. Akanikuta nimekaa kwenye kizingiti.

Akanitazama uso. "Mbona hukupaka?"

"Nimeogopa."

Akaliweka robota chini. Miaka yote ile hajapata kunikuta uso mtupu akirudi, namnawia, ndiyo karibu yangu. Akakaa na yeye kwenye kizingiti.

"Walikuuliza kitu?"

"Hawakuniuliza."

"Ulisema ndiyo?"

"Nilicheka tu. Tulicheka sote."

"Basi," akasema. Lakini alichukua samaki akaanza kumpara magamba, na samaki yule nilikuwa nimeshampara mie, akampara mpaka akabaki mifupa na macho.

Baraza likakaa kwa shefe, baada ya sala ya Ijumaa. Kijiji kilihamia pale chote, mpaka wagonjwa wakapona. Mie nimekalishwa mbele juu ya kigoda, mume wangu kwa upande wa wanaume, mama mkwe wangu nyuma yangu kwenye jamvi. Mama mkwe wangu yule alikuwa hasemi sana. Alikuwa anasinzia barazani tangu ujana wake. Katikati amekaa mwalimu wa madrasa, mtu mpole, lakini sheria akiishika haiachii, kama mtoto na muwa.

Shefe akaniuliza, "Mama, yule wa kwenye bango ni wewe?"

"Sijui, shefe."

Watu wakaguna. Kijana mmoja akasema, "Hajijui mwenyewe! Kesho atasahau hata nyumba yake iko wapi." Mwingine akamjibu, "Ndiyo vizuri, hatapata tabu kuhama."

Mwalimu akainua mkono. "Tuseme ni yeye," akasema. "Swali ni moja. Lile tabasamu ni ridhaa, au si ridhaa? Sheria iko wazi. Mwali akiulizwa akanyamaza, kimya chake ni ridhaa. Lakini mwanamke aliyekwisha kuolewa akaachika, huyo sharti aulizwe na ajibu kwa ulimi wake. Tabasamu lake halifungi kitu."

Mume wangu akainuka nusu. "Mwalimu, huyu ni mke wangu, ana watoto wakubwa. Ni mwali huyu?"

"Naona kwamba si mwali, bwana. Lakini kwenye bango kapakwa msiro, na kampuni watasema walimwona mwali. Kwa hiyo nauliza: kwenye ndoa yenu ridhaa yake ilitolewaje? Kama aliingia kwako mwali, akakubali kwa tabasamu, basi tabasamu la mwanamke huyu limeshawahi kuwa ndiyo, na wao wanaweza kusema ndiyo ileile wameipata wao."

Nyie mnacheka sasa. Siku ile hakucheka mtu. Vichwa vyote vilikuwa vinaitika, na mie naona nyumba yangu inaondoka na ukuta wake mbichi, na mnazi wangu anaukwea mtu mwingine.

Wifi yangu akasimama, kajifunga kanga kiunoni. "Mie nilikuwepo! Mie nilikwenda na wazee kumchukua kwao Quiterajo. Alitabasamu tu, neno hakusema. Nimemwona kwa macho yangu haya!"

"Wewe siku ile ulikuwa jikoni kwetu unakomba ukoko," nikasema.

"Mlango ulikuwa wazi!"

Mwalimu akamgeukia mume wangu, akamuuliza taratibu, "Bwana, wewe unasemaje? Ulimwoa mwali?"

Mume wangu akakohoa. Akatazama miguu yake, akatazama ya jirani. Kulikuwa na jibu la kutuokoa, lilikuwa mdomoni mwake, na halikutaka kutoka mbele ya wanaume wenzie ambao miaka yote ile wameamini walichoamini. Na mie nami nilikuwa na jibu, kubwa kuliko lake, na ndilo hasa nililokuwa nikiliogopa. Nikafunga mdomo. Kimya kile kilivyorefuka, naona wazee wameanza kutazamana, wifi anatabasamu, na shefe anajikwangua koo atoe hukumu.

Mara nyuma yangu jamvi likalia. Mama mkwe wangu kasimama. Sijui alikuwa kalala na kaamka, au hakuwa amelala hata siku moja maisha yake yote.

"Mwali wa wapi!" akasema kwa sauti iliyofika Palma, ikalitikisa bango. "Mnanikalisha hapa na jua hili kwa ajili ya mwali gani? Huyu nimemposa mie mwenyewe! Huyu kule Quiterajo kaachika mara mbili kabla hajafika kwetu! Na ndoa ya mwanangu kaulizwa mara tatu, na mara tatu kajibu kwa mdomo, ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka kadhi akamwambia bibi, inatosha!"

Mwalimu akapiga mapaja yake kwa viganja viwili kama mtu aliyeshiba. "Alhamdulillahi! Basi limekwisha. Tabasamu la mtalaka halina nguvu. Ridhaa haikutolewa. Mama akae kwake na nyumba yake, na kampuni wakitaka jibu la kijiji waje waulize wenyewe, wajibiwe kwa ulimi."

Baraza likalipuka. Watu wakanishika mikono, wale wale walionikimbia kisimani, mmoja ananiomba vitumbua vya mkopo palepale. Wanawake wakapiga vigelegele, wanasema mtalaka wetu, mtalaka wetu, kana kwamba nimerudi Makka. Hata wifi akapiga kimoja, kifupi. Mie nalia, nacheka, namtafuta mume wangu kwa macho katika msongamano ule nimwambie twende nyumbani.

Nikamwona. Hakuwa anashangilia. Alikuwa kasimama palepale, mkono kauinua nusu, midomo inacheza kama mtu anayejumlisha samaki, halafu akapaza sauti, kijiji kizima kikanyamaza kumsikiliza:

"Mama! Mara mbili? Si uliniambia moja?"